Kasi, Uchelewaji na Ulimbikaji: Istilahi za Usanidi wa Draiva ya Kadi ya Etheneti katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma za sayansi na teknolojia umechukua sura nyingi tangu Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lilipoundwa mwaka 1967. Sehemu kubwa ya mjadala huo imehusu majina ya vitu: kompyuta iitwe kompyuta au tarakilishi, kile kifaa cha mkononi kiitwe kipanya au puku. Majina ni muhimu, lakini fundi hafanyi kazi kwa majina peke yake. Fundi hupima, hupunguza, huongeza, hungoja na hukatiza. Kwa maneno mengine, kazi yake imo zaidi katika vitenzi kuliko katika nomino.

Makala haya yanachunguza sehemu moja ndogo ya kazi hiyo, yaani usanidi na urekebishaji wa draiva ya kadi ya Etheneti yenye mwendo mkubwa. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi ifaayo hupatikana kwa kuangalia jinsi kitu kinavyofanya kazi, wala si kwa kufuata umbo la neno la Kiingereza. Na kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili una uwezo wa kutenga dhana ambazo mafundi huzichanganya kila siku, kwa hasara ya watumiaji wa mtandao.

Mfano utakaotumika unahusu Chang'ombe, kata ya Jiji la Dodoma, ambayo haina budi kutofautishwa na Chang'ombe ya Temeke, Dar es Salaam. Ichukuliwe kwamba wakazi wawili wa kata hiyo wanahudumiwa na mtoa huduma mmoja wa intaneti, ambaye seva yake mjini Dodoma ina kadi ya Etheneti ya gigabiti 10 kwa sekunde. Mkazi wa kwanza anazungumza kwa sauti na ndugu yake aliyeko Dar es Salaam, na maneno yanakatikakatika. Wa pili ni mwanafunzi anayepakua faili kubwa la mihadhara, nalo haliishi kushuka. Wote wawili watasema, "Neti ni nzito." Lalamiko ni moja, lakini kasoro ni mbili, na marekebisho yanayomfaa mmoja huweza kumdhuru mwenzake. Fundi anayelipokea lalamiko hilo anahitaji lugha inayoweza kutenganisha kasoro hizo kabla hajagusa draiva.

2.0 Etheneti, kadi na draiva

Etheneti ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox kilichoko Palo Alto, Marekani, na ikawekewa kiwango rasmi cha kimataifa katika miaka ya 1980. Mwendo wake wa awali katika kiwango hicho ulikuwa megabiti 10 kwa sekunde. Mwaka 1995 ulifikia megabiti 100, mwaka 1998 gigabiti 1, mwaka 2002 gigabiti 10, na mwaka 2010 gigabiti 40 na 100. Hivyo katika muda wa chini ya miaka thelathini mwendo wa waya uliongezeka mara elfu kumi. Prosesa inayopaswa kuzipokea pakiti hizo haikuongezeka kasi kwa kiwango kama hicho. Pengo hilo ndilo linaloifanya kazi ya kurekebisha draiva iwe ya lazima.

Draiva ni programu inayokaa kati ya kerneli, ambayo ndiyo moyo wa mfumo wa uendeshaji, na kadi ya mtandao. Kadi hupokea mawimbi kutoka katika waya na kuyageuza kuwa pakiti. Draiva huieleza kadi mahali pa kuziweka pakiti hizo katika kumbukumbu, kisha huikabidhi kerneli.

Kuhusu jina la programu hii, kuna maneno mawili yanayoshindana. La kwanza ni kiendeshi, lililoundwa kutokana na kitenzi endesha kwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Neno hili ni zuri kwa umbo, lakini hutumika pia kwa kifaa kinachozungusha na kusoma diski, na katika uwanja wa kompyuta vitu hivyo viwili hukutana mara kwa mara. Sentensi "Badilisha kiendeshi" humwacha fundi asijue kama anunue kifaa au asakinishe programu. La pili ni draiva, neno lililotoholewa ambalo limekwisha kuzoeleka miongoni mwa mafundi, na ambalo halichanganyiki na dereva, kwa kuwa Kiswahili kilimkopa dereva mapema zaidi na kwa umbo tofauti. Kwa sababu hiyo neno draiva ndilo linalotumika katika makala haya. Utohoaji hapa si dalili ya udhaifu wa lugha, bali ni njia ya kuondoa utata.

3.0 Tatizo la neno kasi

Katika mazungumzo ya Kiswahili kuhusu mtandao, neno kasi hubeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Mifano ifuatayo inaonyesha hali hiyo:

(1) a. Kadi hii ina kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde.
    b. Faili limeshuka kwa kasi ndogo.
    c. Seva inajibu kwa kasi.

Katika (1a) kinachotajwa ni uwezo wa njia, yaani kiwango cha juu kinachoweza kupita. Katika (1b) ni mtiririko, yaani kiasi kilichopita kwa kweli katika muda fulani. Katika (1c) ni kinyume cha uchelewaji, yaani ufupi wa muda kati ya kuuliza na kujibiwa. Dhana hizi haziongezeki wala kupungua pamoja. Lori lililojaa magunia kutoka Kibaigwa hufikisha mzigo mwingi lakini halifiki mapema. Pikipiki iliyobeba bahasha moja hufika mapema lakini haiwezi kujaza ghala. Mwanafunzi wa Chang'ombe anahitaji mtiririko mkubwa. Jirani yake anayezungumza anahitaji uchelewaji mdogo na usiobadilikabadilika. Fundi anayeambiwa "ongeza kasi" bila ufafanuzi hana njia ya kujua anaongeza nini.

Kiswahili kina nyenzo ya kwenda mbele zaidi ya utenganisho huu. Kitenzi chelewa hakimtaji msababishaji, ilhali chelewesha, kwa kiambishi cha usababishi, kinamdai. Inapendekezwa kwamba uchelewaji utumike kwa muda wote ambao pakiti hutumia njiani kwa sababu yoyote ile, na ucheleweshaji utumike kwa sehemu ile tu inayotokana na uamuzi wa aliyesanidi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Umbali wa Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 450, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 4.5 hivi. Huo ni uchelewaji, na hakuna draiva itakayouondoa. Ucheleweshaji ni suala jingine, kama sehemu inayofuata inavyoeleza.

4.0 Katizo, ulimbikaji na uchunguliaji

Pakiti inapofika, kadi huijulisha prosesa kwa kuikatiza katika kazi nyingine iliyokuwa ikifanya. Neno katizo linafaa, kwa kuwa Kiswahili husema mtu amekatizwa maneno, na aliyekatizwa hupoteza muda kukumbuka alipoishia. Prosesa nayo hupoteza muda wa namna hiyo kila inapokatizwa.

Pakiti ya ukubwa wa kawaida wa baiti 1,500 huchukua, pamoja na vichwa na nafasi za lazima za Etheneti, baiti 1,538 za waya. Katika njia ya gigabiti 10, pakiti zipatazo 812,700 za namna hiyo huweza kufika kwa sekunde moja. Pakiti ndogo kabisa zinaweza kufikia takriban milioni 14.88 kwa sekunde, yaani moja katika kila nanosekunde 67. Prosesa ikikatizwa kwa kila pakiti, itatumia nguvu zake zote kuitikia hodi na haitapata wasaa wa kumkaribisha mgeni.

Kwa hiyo draiva huweza kuiamuru kadi ingoje: isikatize hadi muda fulani upite au pakiti kadhaa zijikusanye. Utaratibu huu umekuwa ukielezwa kwa maneno kama kuunganisha makatizo au kukusanya makatizo. Maneno hayo yanafuata umbo la Kiingereza na hayaelezi kinachotendeka, kwa sababu makatizo hayakusanywi mahali popote. Zinazokusanyika ni pakiti, na katizo hucheleweshwa. Kiswahili kina kitenzi kinachotaja tendo hilo kwa usahihi, nacho ni limbika. Kulimbika ni kuacha kitu kijikusanye kidogo kidogo kwa nia ya kukichukua kikishatosha, kama matunda yanavyoachwa yaive au maji yanavyoachwa yajae kisimani. Katika nyanda kame za kati, ambako wakati wa kiangazi visima vifupi hufukuliwa katika mchanga wa makorongo, anayeteka kila tone linapochuruzika hatajaza ndoo. Hulimbika kwanza, kisha huteka. Hivyo ndivyo kadi inavyofanya. Kwa hiyo istilahi inayopendekezwa ni ulimbikaji.

Muda wa ulimbikaji hupimwa kwa mikrosekunde. Ukiwekwa kuwa mikrosekunde 100, makatizo hayatazidi 10,000 kwa sekunde kwa kila foleni ya kadi, na kila katizo litaleta pakiti zipatazo 81 za ukubwa wa kawaida pale njia inapojaa. Gharama yake ni kwamba pakiti iliyotangulia hucheleweshwa kwa muda usiozidi mikrosekunde 100. Je, ucheleweshaji huo ni mkubwa? Jibu hutegemea mahali. Kwa seva mbili zilizo katika chumba kimoja, ambazo ujumbe huweza kwenda na kurudi kwa makumi machache ya mikrosekunde, ni mkubwa mno. Kwa mkazi wa Chang'ombe anayezungumza na Dar es Salaam, ni kama asilimia 2 ya zile milisekunde 4.5 ambazo umbali wenyewe unazidai, na sikio la binadamu haliutambui. Fundi anayeufuta ulimbikaji ili "kuongeza kasi" ya mazungumzo hayo hatampunguzia mkazi chochote anachoweza kukisikia, bali ataielemea prosesa. Nayo ikielemewa, pakiti hupotea na maneno huzidi kukatika.

Kerneli ya Linux, katika mfululizo wa 2.6 ulioanza kutolewa Desemba 2003, ilikuwa na utaratibu wa mseto unaopunguza tatizo hili na ambao ungali unatumika. Baada ya katizo la kwanza, makatizo ya foleni husika huzimwa kwa muda, na kerneli huenda yenyewe kuangalia kama kuna pakiti zaidi, ikichukua fungu la pakiti 64 kwa kawaida katika kila zamu. Neno la Kiingereza linalotumika kwa kitendo hicho hutumika pia kwa upigaji kura, na mfasiri asiyejua mashine inafanya nini huweza kuandika kwamba kerneli "inapigia kadi kura". Anayejua kinachotendeka atasema kwamba kerneli inachungulia. Uchunguliaji na ulimbikaji ni istilahi zinazoshikana: anayelimbika hungoja aitwe maji yakitosha, anayechungulia huenda mwenyewe kisimani.

5.0 Pete ya bafa: kulimbika na kulimbikiza

Pakiti zinazongoja huwekwa katika orodha ya nafasi za kumbukumbu ambayo nafasi yake ya mwisho hufuatwa na ile ya kwanza. Jina pete linasawiri umbo hilo bila maelezo zaidi. Katika draiva nyingi za kadi za gigabiti 10, pete huanza na nafasi mia kadhaa, kwa mfano 512, na huweza kuongezwa hadi maelfu, kwa mfano 4,096.

Pete na ulimbikaji haviwezi kurekebishwa kila kimoja peke yake. Pakiti zikiwa za ukubwa wa kawaida, mikrosekunde 100 huleta pakiti 81, na pete ya nafasi 512 inatosha. Pakiti zikiwa ndogo kabisa, muda huohuo huleta pakiti 1,488, na pete ya nafasi 512 hujaa katika mikrosekunde 34 hivi. Zinazofika baada ya hapo hutupwa. Mazungumzo ya sauti hutumia pakiti ndogo. Hivyo seva yenye wazungumzaji wengi huweza kutupa pakiti hata kabla uwezo wa njia haujaisha, na kipimo cha "kasi" pekee hakitaonyesha sababu.

Hata hivyo, pete kubwa mno nayo ina madhara, hasa upande wa kutuma. Pakiti za faili kubwa zikijaa mbele, pakiti ya sauti iliyo nyuma yake hulazimika kungoja zote ziondoke. Hapa mnyambuliko wa Kiswahili unasaidia kwa mara nyingine. Limbika hubeba maana ya kungoja kwa kipimo na kwa kusudi la kutumia. Limbikiza, kwa kiambishi cha ziada, huelekea kwenye wingi uliopita kiasi: mtu hulimbikiza mali, na watumishi hudai malimbikizo ya mishahara. Inapendekezwa kwamba ulimbikaji ubaki kuwa jina la marekebisho yenye manufaa, na ulimbikizaji liwe jina la kasoro ya bafa zilizokuzwa hadi zinazuia kile zilichokusudiwa kusaidia.

Utata mwingine umo katika neno bafa lenyewe, ambalo hutumika kwa pete ya draiva na pia kwa hifadhi ya muda ya itifaki ya TCP. Ya kwanza hukidhi mipigo ya ghafla katika kadi. Ya pili hukidhi umbali: ili njia ya gigabiti 10 yenye mzunguko wa milisekunde 4.5 ijae, mtumaji hana budi kuwa na takriban megabaiti 5.6 zilizo njiani bila kuthibitishwa. Faili la mwanafunzi likishuka polepole kwa sababu bafa ya TCP ni ndogo, kuikuza pete ya draiva hakutamsaidia. Kwa hiyo istilahi mbili kamili zinahitajika, pete ya bafa kwa upande mmoja na bafa ya itifaki kwa upande mwingine, na neno bafa lisiachwe peke yake katika miongozo ya mafundi.

6.0 Kumtua mbebaji mzigo

Kadi za kisasa huweza kufanya baadhi ya kazi za prosesa: kukokotoa hesabu za uhakiki, kukatakata data ndefu kuwa pakiti na kuziunganisha pakiti zinazopokewa. Kitenzi pakua, ambacho kingefikiriwa kwanza, hakifai kwa sababu kimekwisha kupewa maana ya kuleta faili kutoka katika mtandao. Kitenzi kinachofaa ni tua. Watanzania wanakijua katika kaulimbiu ya sekta ya maji ya "kumtua mama ndoo kichwani", ambamo kitenzi kina yambwa mbili: anayeondolewa mzigo na mzigo wenyewe. Muundo huo unalingana na utaratibu wa kadi:

(2) Kadi huitua prosesa mzigo wa hesabu za uhakiki.

Ubora wa tua ni kwamba unadokeza kuwa mzigo haukupotea, bali umehamia kwa mwingine. Dokezo hilo lina umuhimu wa kiufundi. Uunganishaji wa pakiti zinazopokewa unapofanywa na kadi yenyewe huisaidia seva ambayo ndiyo mwisho wa safari ya pakiti. Lakini seva inayozipitisha pakiti kwenda kwingine, kama ile ya mtoa huduma wa Dodoma, haipaswi kutuliwa mzigo huo, kwa kuwa pakiti zilizokwisha kuunganishwa haziwezi tena kupelekwa mbele jinsi zilivyofika. Miongozo ya draiva za kadi za gigabiti 10 za kampuni ya Intel huagiza uunganishaji wa namna hiyo uzimwe katika mazingira hayo. Swali la fundi basi si "kipengele hiki kinaongeza kasi?" bali "mzigo huu unatuliwa wapi, na anayeupokea anaweza kuufikisha?"

Kuhusu ukubwa wa pakiti, inatosha kusema kwamba kuukuza hadi baiti 9,000 hupunguza idadi ya pakiti katika njia iliyojaa kutoka 812,700 hadi takriban 138,300 kwa sekunde. Faida hiyo hupatikana ndani ya mtandao ambao vifaa vyake vyote vimekubaliana ukubwa huo. Haimfikii mkazi wa Chang'ombe, kwa kuwa pakiti za intaneti kwa kawaida hazizidi baiti 1,500.

7.0 Utaratibu wa kurekebisha

Istilahi zilizotengwa hapo juu huwezesha utaratibu wa kazi kuandikwa kwa Kiswahili bila utata. Kwanza, fundi aulize kama lalamiko linahusu mtiririko au uchelewaji. Pili, asome kwanza vihesabio vya kadi, ambavyo katika Linux huonyeshwa na programu ya ethtool, na kuangalia kama kuna pakiti zilizotupwa kwa kukosa nafasi petini. Tatu, abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, iwe ni muda wa ulimbikaji, ukubwa wa pete au utuaji wa mzigo, kisha apime tena chini ya matumizi yaleyale. Nne, aandike thamani ya zamani na mpya. Tano, ayahifadhi marekebisho katika faili la usanidi, kwa kuwa yanayofanywa kwa ethtool pekee hupotea seva inapozimwa na kuwashwa upya.

Katika hatua hizi hakuna mahali ambapo Kiswahili kimeshindwa. Pale kilipoonekana kupwaya, sababu ilikuwa kwamba neno moja lilipewa kazi ya maneno matatu.

8.0 Hitimisho

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba kompyuta inaweza kumsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo ilihusu zaidi maandishi ya juu, yanayoonekana kwenye kioo. Tabaka la chini, ambako kerneli, draiva na kadi hukutana, limeachiwa Kiingereza, na fundi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hulikuta akiwa tayari mtu mzima, akiyakariri majina ya vigezo kama talasimu. Anayekariri hawezi kukisia matokeo. Hubadilisha tarakimu na kungoja bahati.

Makala haya yamependekeza utaratibu wa kuunda istilahi unaoanza na tendo. Uchelewaji na ucheleweshaji, ulimbikaji na ulimbikizaji, uchunguliaji na utuaji ni maneno yaliyokuwamo katika lugha, pamoja na kanuni za mnyambuliko ambazo kila mzungumzaji anazo. Kinachobaki ni wanaisimu na wahandisi kukaa meza moja, istilahi zijaribiwe katika karakana kabla ya kupelekwa BAKITA kusanifishwa, na zile zitakazokataliwa na mafundi kwa sababu za msingi zirudishwe na kuundwa upya. Istilahi ya draiva itakuwa imefaulu siku ambayo fundi, baada ya kuisikia kwa mara ya kwanza, ataweza kusema mwenyewe nini kitatokea akiongeza tarakimu na nini kitatokea akiipunguza.